Mchina wa Ujiji

Mdogo wangu aliimba Kichina Kigoma kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili mimi sikufaidi hata wimbo mmoja. Wenzangu walicheza. Mimi nilikaa nyuma ya spika nimeshika ndala zake na kanga ya kumfunika akishuka, roho juu, namwangalia kila anayeingia ukumbini na kujiuliza kafuata muziki au kafuata mtu. Siku hizi watu wa rika langu wakikutana nami huniambia, "Mlikuwa na raha nyie!" Natamani kuwatukana.

Nasema mdogo wangu kwa sababu ni mtoto wa mama mdogo, na kwetu huyo hana jina lingine. Mama mdogo aliolewa ng'ambo, upande wa Kongo, kabla mimi sijazaliwa. Vita vilipofika kwao, binti yake alivuka ziwa na watu asiowajua, akatua Ujiji na furushi la nguo na jina la mama yangu mdomoni. Mama akamwogesha, akampa uji, akampa nusu ya kitanda changu bila kuniuliza. Serikali ilikuwa imeshatangaza kwamba mkimbizi mahali pake ni kambini, na anayemficha mkimbizi nyumbani naye ana kesi ya kujibu. Mama aliisikia habari hiyo huku anakaanga migebuka, akageuza samaki upande wa pili.

"Mtoto wa mdogo wangu hawezi kulala kwenye hema mimi niko hai," akasema, na hapo mjadala ukaisha. Kazi ya kuhakikisha hakamatwi nikabebeshwa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa mdomo wake. Sura haikuwa na shida. Ujiji nusu ya watu babu zao walitoka ng'ambo, na babu yangu ni mmoja wao. Shida ilikuwa Kiswahili chake. Mtu kwake alikuwa mutu, kizuri ni kizuri lakini mzuri ni muzuri, watu ni batu, na akitumwa anajibu, "Niko nakwenda ku soko." Miaka ile mgambo walikuwa wanasimamisha watu njiani. Wanakusalimia vizuri tu, halafu wanategea sikio namna unavyoitikia. Ukikosea, unapanda gari.

Basi kila jioni, tukichambua mboga, nilimweka darasani.

"Bana midomo kwanza. Usiweke u. Sema: mtu."

"Mutu."

"Mtu!"

"Si ndio nimesema, Yaya? Mutu."

Yaya kwao ni dada mkubwa, na hilo nalo nilikuwa nimelipiga marufuku nje ya ua wetu. Alikuwa ananiudhi kwa jinsi alivyotulia. Mimi natokwa jasho, yeye anachambua mboga. Mwisho nikamwambia njia iliyo salama ni moja tu, akiwa nje asiseme kitu. Ajifanye ana haya.

Alitii kwa namna yake. Alijitafutia mahali ambapo mtu haulizwi neno, na mahali penyewe pakawa banda la video. Pale unaingia gizani, unakaa kwenye benchi, watu wanapigana mateke mpaka mwisho, unatoka. Hakuna anayekusalimia. Mwenye banda alikuwa jamaa wa makamo mwenye kelele, na kanda zake za mateke zililetwa kutoka Dar kwa treni. Katika mzigo mmoja ikaja kwa makosa kanda ambayo hakuna hata teke moja ndani yake: wanawake wa Hong Kong wanaimba, wengine darajani na mwavuli, wengine ufukweni na nguo nyepesi, na chini maandishi ya Kichina yanabadilika rangi. Mwenye banda hakuitupa. Akawa anaiweka mwanzoni, wakati anasubiri benchi zijae.

Watu walipiga miluzi, wakadai mateke yao. Mdogo wangu alikaa pale akameza kanda nzima.

Nilimgundua siku moja anafua. Alikuwa amepiga magoti kwenye beseni, anaimba Kichina, si mzaha wa ching-chong wa watoto wa mtaani, bali wimbo mzima toka mwanzo mpaka mwisho, na sauti inapanda na kushuka mahali ambapo sauti za kwetu hazipandi wala kushuka. Nilisimama na ndoo yangu. Nakiri ilikuwa nzuri. Nikamwambia anyamaze.

Tatizo ni kwamba sikuwa peke yangu niliyesikia. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa kiongozi wa bendi moja ya vijana, bendi iliyopiga baa za mtaa wa Mwanga na harusi za kila aina. Hapo lazima nieleze wazimu wa mji wetu. Vijana wale walizaliwa Ujiji, wengine Kasulu, hawajawahi kuvuka ziwa hata kwa mtumbwi, lakini walikuwa wanaimba Kilingala mwanzo mwisho bila kukijua, na wakijaribu kipaza sauti wanahesabu kwa Kifaransa cha kubabaisha. Kuonekana Mkongo jukwaani ilikuwa sifa. Na nyumba ya tatu kutoka kwake, yaani kwetu, kuna Mkongo halisi anayefundishwa kubana midomo ili asifanane na Kongo. Nilikuwa nikiwaza jambo hilo kichwa kinaniuma.

Kiongozi wa bendi akaja kwa mama na adabu zote, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akamwomba binti akaimbe kwenye bendi. Nilidhani mama atamfukuza. Mama akamuuliza binti mwenyewe, na binti, ambaye nje hakuwa na neno, ndani akasema, "Minataka."

Usiku huo nilimgombeza mpaka nikachoka. Nilimuuliza kama akili zake ziko sawa, mtu anayefichwa kwenda kusimama kwenye taa. Nikamwambia, na ukitaka kuimba, si bora uimbe Kiswahili kama watu, au hata hicho Kilingala ambacho wenzako wanakitafuna?

"Yaya, nikiimba Kiswahili, batu batanijua. Nikiimba Kilingala, batasema huyu anakijua sana," alisema. "Mu Kichina hakuna mutu anajua kama ninakosa."

Alisema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa ameitafuta kote duniani lugha moja ambayo Kigoma nzima hakuna wa kumwambia unatoka wapi, akaipata kwenye benchi la video.

Akaanza. Fundi cherehani akamshonea gauni la kitenge lenye kola ndefu ya Kichina na mpasuo ambao mama aliushona tena mpaka gotini. Uso akapakwa poda. Mpiga gitaa alihangaika wiki nzima na ule wimbo wa mwavuli, maana ni wa kulia, na Kigoma mtu hatoki nyumbani kwake kwenda kulia. Mwisho akauachia ulie mpaka katikati, halafu akaupachika chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea. Ukumbi ukasimama. Watu wakamwita Mchina, basi, hakuna aliyeuliza jina. Aliimba, akainama kidogo kama alivyowaona kwenye kanda, akashuka, nikamfunika kanga, tukaondoka. Wakasema anaringa. Nikawaacha waseme, mtu akiringa haombwi maneno.

Kulikuwa na wimbo mmoja ambao kiitikio chake kilishikwa na mkoa mzima. Watu walisikia "ng'oa nne," na wakaamini ni habari za meno. Ukifika hapo ukumbi wote, wazee kwa vijana, vidole mdomoni: "Ng'oa nne! Ng'oa nne!" Tulipanda Kalinzi watu walipokuwa wameuza kahawa, wakaurudisha wimbo huo mpaka sauti ikamkauka. Tulikwenda Mwamgongo kwa boti kwenye harusi ya wavuvi, spika zimefunikwa turubai, mawimbi yanatupiga, mimi natapika, na yeye amekaa mbele anafanyia mazoezi sauti yake. Wakaja watu wa Kagunga kutualika, kule mpakani kabisa, ambako kila kona kuna mtu wa kukuuliza unakwenda wapi. Kiongozi wa bendi alikubali. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba ana kichwa cha kuwekea kofia tu. Hatukwenda.

Miaka mingi baadaye nilianza kufuata viatu vya biashara Guangzhou, huko China, na siku moja kwenye ngazi za soko mzee alikuwa anasikiliza redio ndogo, nikasikia "ng'oa nne" yangu. Nikasimama na mabegi. Mwanafunzi wa Kitanzania aliyekuwa ananitafsiria akamuuliza, akarudi akasema hata yeye hakielewi vizuri, hicho ni Kikantoni, Kichina cha huku kusini na Hong Kong, mtu wa kaskazini akikisikia hapati kitu. Na maana yake? "Anasema, nakupenda." Nilicheka mpaka machozi, halafu machozi yakaendelea. Laiti tungekuwa na mtu wa kutuambia hivyo wakati ule.

Maana kilichotumaliza ni hicho Kikantoni. Afisa mmoja wa uhamiaji, mgeni katika mkoa kwa kazi, alikuwa anaoa, na bibi harusi akasema hataki bendi bila Mchina. Nilikataa. Nilikataa kwa kila namna. Kiongozi wa bendi akasema, ukimnyima afisa uhamiaji mwimbaji, atauliza kwa nini. Hapo alikuwa na haki, na nilimchukia kwa kuwa na haki.

Harusi ilikuwa jioni, watu wamependeza. Meza ya mbele walikaa wakubwa wa serikali, na katikati yao daktari wa Kichina wa hospitali, mtu mpole, aliyefika na wenzake kututibia. Nilipomwona nilishukuru Mungu. Niliona ndiye shahidi wetu. Mdogo wangu naye alimwona, akaimba kama hajawahi kuimba, anamtazama yeye tu.

Wimbo ulipoisha, mshereheshaji, kijana mwenye suti ya kung'aa na maneno mengi kuliko kazi aliyopewa, akakimbia na kipaza sauti mpaka kwa daktari. "Haya, daktari wetu, tufasirie! Dada amesema nini?"

Daktari akasimama, akatabasamu kwa aibu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini safi. "Samahani. Mimi sielewi. Hiki si Kichina changu."

Nilikuwa karibu, nililisikia lile "changu" kwa masikio yangu. Mshereheshaji akalitupa. "Mabibi na mabwana, daktari anasema si Kichina!"

Watu wakaangua kicheko. Sawa, wangecheka na yangeisha. Lakini mji wetu miaka ile ulikuwa umejifunza kumpima mtu kwa lugha, haukuweza kuiacha lugha ipite bila mwenyewe. Mmoja akauliza kwa sauti, kama si Kichina, basi ni cha wapi? Wa meza ya pili akasema ni Kirundi cha ndani huko milimani. Mzee mmoja Muha akakataa, akasema Kirundi anakisikia vizuri, hicho siyo. "Basi ni Kibembe!" akapiga kelele mwingine, akitaja lugha ya ng'ambo, upande wa Kongo.

Katika ukumbi ule walikuwemo watu wengi tu waliolelewa kwa Kibembe. Nawajua, wengine majirani zetu. Ilihitajika mmoja wao asimame aseme, jamani, Kibembe nakijua, siyo hicho. Hakuna aliyesimama. Angesimama vipi? Angeulizwa yeye amekijulia wapi. Kila mmoja akaangalia sahani yake, na kimya chao kikawa ndio ushahidi.

Mdogo wangu alikuwa bado jukwaani na poda yake. Sikuvumilia. Nilipanda nikamnyang'anya yule kijana kipaza sauti. "Muacheni! Mmecheza miaka miwili, leo ndiyo mnauliza? Nyie watu mna nini nyie?"

Bwana harusi akanitazama, akageuza kichwa kidogo, anasikiliza. Si maneno niliyosema. Anasikiliza namna ninavyoyasema. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba tusiharibu sherehe, ila wenzake wangependa kutuona ofisini, sisi wote wawili. Nilikuwa nimeelewa wote wawili ni mdogo wangu na kiongozi wa bendi. Kumbe ni yeye na mimi.

Ofisini tulikuta afisa kijana wa kutoka mikoa ya pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kimepigwa pasi. Mama alitaka kuja, nikamkatalia. Nilimwambia akionekana pale kesi itakuwa ya nyumba nzima. Kijana yule alikuwa amewekewa chakula chake cha mchana mezani, wali na mboga ya majani ya muhogo. Akafikiri kidogo, akaisogeza sahani mbele yetu.

"Hii mboga inaitwaje?"

Mdogo wangu akasema, "Sombe."

Akanigeukia. "Na wewe?"

"Sombe."

Akaegemea kiti, ameridhika. "Mnaona? Mtanzania anasema kisamvu."

Jamani! Nilizaliwa Ujiji. Mama alizaliwa Ujiji. Kigoma nzima, toka ziwani mpaka Kasulu, mtu akila majani hayo na mawese anakula sombe, na ukimwambia kisamvu atakuuliza ni nini hicho. Nikamwambia basi akamate mkoa mzima, aanze na aliyempikia. Akasema nipunguze ukali. Akasema tena, kwa huruma, kwamba mimi na mwenzangu tunaongea sawasawa. Miaka miwili nilikuwa nambana midomo mtoto wa watu ili afanane nami, na alikuwa ameshafanana nami tangu mwanzo. Ila hatukufanana na huyu.

Mama hakukaa bure. Alimtuma mwenyekiti wa mtaa, mzee ambaye alimzika babu yangu. Akaingia amevaa koti, akapewa shikamoo, akaitika, akaelezwa. Akanielekezea kidole. "Huyu ni wetu. Nimemwona akizaliwa." Afisa akaandika. "Na huyu mwingine, mzee?"

Mzee alikuwa ameng'oa nne kila harusi ya mtaa, nimemwona. Akatazama sakafu. "Huyo ni Mchina," akasema, na hata mwenyewe aliona halikuwa jibu. Akaulizwa kama yuko tayari kuapa kwamba ni raia. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake. Simlaumu, ana watoto, lakini nilimkasirikia na bado nimemkasirikia.

Afisa akaniambia niko huru. Halafu, kalamu bado mkononi: "Wewe huyu ni nani yako? Anakaa kwa nani?"

Nilijua jibu linabeba nini. Nikisema ni mdogo wangu, anakaa kwetu, mama ana kesi, na uraia wangu, ambao umetoka kuokolewa sasa hivi kwa kidole cha mzee, unarudi mezani pamoja na wa mama. Nisiposema, anakwenda kambini kama mtu aliyeokotwa. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nitasema, naapa nilikuwa nitasema.

Mdogo wangu akawahi. Alikaa wima, akabana midomo, akamtazama afisa usoni.

"Simjui huyu dada. Ni mtu tu wa kwenye muziki. Mimi ni mkimbizi, nimetoka kambini mwenyewe, hakuna mtu aliyenificha."

Hakuna u hata moja iliyozidi. Mtu. Mkimbizi. Simjui. Ilitoka safi kuliko yangu, safi kama ya yule kijana wa pwani, na afisa akaandika bila kuinua kichwa. Nilikaa pale nasubiri akosee neno moja, moja tu, nipate pa kumkamatia niseme ni wangu. Hakukosea.